Queen II au Sheer Heart Attack: ukiwa na hela ya santuri moja

Mpwa wangu amepata mashine ya kupigia santuri, ya mtumba lakini nzima, na fedha aliyobaki nayo inatosha sahani moja tu. Anataka Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza, lakini ya mwanzo, ya kabla dunia nzima haijaanza kuimba "Bohemian Rhapsody". Akanipigia simu akiwa bado amesimama dukani.

"Shikamoo mjomba. Nimeona mbili hapa, Queen II na Sheer Heart Attack. Nichukue ipi?"

Nikamwambia Queen II, papo hapo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini mjomba, kila ninayemuuliza ananiambia hiyo nyingine ndiyo nzuri."

Hao aliowauliza hawajakosea sana. Sheer Heart Attack ni albamu nzuri mno, na ukiichukua hutajuta. Ila nimeishi na hizi mbili miaka mingi, na kila nikizirudia naona Queen II imedhulumiwa. Watu wanaipita kama kituo kidogo ambacho basi la haraka halisimami: wanatoka kwenye sifa za jina la Queen moja kwa moja hadi kwenye "Killer Queen", na kutoka hapo hadi "Bohemian Rhapsody" ya 1975. Simu ya dukani haikutosha kueleza sababu zangu, kwa hiyo nazieleza hapa kwa urefu, kwa ajili yake na kwa yeyote mwenye swali kama lake.

Kwanza ieleweke kwamba albamu hizi ni za bendi ileile, mwaka uleule. Queen II ilitoka tarehe 8 Machi 1974, Sheer Heart Attack tarehe 8 Novemba 1974. Miezi minane kamili. Wanamuziki ni walewale: mwimbaji Freddie Mercury, Brian May kwenye gitaa, Roger Taylor kwenye ngoma, John Deacon kwenye besi. Mtayarishaji mkuu, Roy Thomas Baker, ni yuleyule. Hata urefu unakaribiana, ya kwanza dakika 40 na kidogo, ya pili haifiki 39. Lakini ya kwanza ina nyimbo 11 na ya pili ina 13, na katika tofauti hiyo ndogo unaanza kuona jambo. Katika Queen II nyimbo zinatanuka na kuingiliana. Katika Sheer Heart Attack zinakatwa fupi, kila moja na mlango wake.

Wengi wetu tuliingia kwa Queen kupitia mkusanyo wa Greatest Hits wa 1981. Mimi nilikuwa nao kwenye kanda, na kanda hiyo iliwahi kuliwa na redio mara mbili nikaizungusha kwa kalamu ya wino mpaka ikarudi. Katika toleo la Uingereza la mkusanyo huo, Sheer Heart Attack imetoa nyimbo mbili, "Killer Queen" na "Now I'm Here". Queen II imetoa mmoja tu, "Seven Seas of Rhye", tena umewekwa peke yake kati ya nyimbo za miaka mingine kabisa. Nilivyokuwa nausikia pale, ulikuwa wimbo wa piano ya haraka, mchangamfu, umekwisha kabla hujakaa sawa. Sikujua kwamba wimbo ule ni mlango wa kutokea. Ndani ya albamu yake unakuja mwisho kabisa, baada ya dakika kama 17 za giza, na ukifika pale kwa njia yake halisi unahisi mtu amefungua madirisha.

Kuhusu Zanzibar niseme mapema, kwa sababu kwetu hili huwa halikosi. Ndiyo, Freddie ni mzaliwa wa Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, wa familia ya Kiparsi. Alipelekwa shule ya bweni India akiwa mdogo, akarudi, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ikahamia Uingereza. Alikuwa na miaka 17. Tangu 2019 kuna jumba la makumbusho kwa jina lake pale Shangani, na wageni wanapiga picha mlangoni. Je, Queen II ina Zanzibar ndani yake? Sitaki kumwekea maneno mdomoni. Rhye ni nchi ya kubuni, na mwenyewe alisema ni mambo ya kufikirika. Lakini mtu aliyelelewa na hadithi za mazimwi, vibwengo, malkia wachawi na bahari saba hahitaji kuelezwa upande wa pili wa sahani hii unazungumza nini. Yote yapo pale. Mwingereza wa 1974 alilazimika kuzoea, sisi tuna bibi zetu.

Albamu ya kwanza kabisa ya bendi, inayoitwa Queen tu, ya Julai 1973, nitaipita haraka. Waliirekodi katika studio za Trident pale Soho, London, kwa saa ambazo studio haikuwa na wateja wanaolipa, mara nyingi usiku, na inasikika hivyo. Nyimbo ni nzuri, ila sauti ya ngoma imefungwa kama imefunikwa blanketi, na wenyewe hawakuipenda hata siku moja. Mwaka 2024 ilichanganywa upya na ngoma zikapata pumzi. Ukiikuta toleo hilo, ni ununuzi wa tatu mzuri, si wa kwanza.

Agosti 1973 walirudi Trident, safari hii wakiwa na muda wao wenyewe. Hapo ndipo Queen II ilipozaliwa.

Upande mweupe

Sahani haina upande wa A na B. Ina Mweupe na Mweusi. Mweupe ni wa Brian May, isipokuwa wimbo mmoja wa Roger Taylor. Mweusi wote ni wa Freddie. Ukiinunua kwa santuri, jambo hili lina maana kubwa, kwa sababu katikati kuna mkono wako: unanyanyuka, unageuza, unaingia nyumba nyingine.

Mweupe unafunguka na "Procession", kipande cha dakika moja na ushee kisicho na mwimbaji. Mwenye kuhudhuria taarabu ya Unguja atakitambua mara moja kinafanya kazi gani. Ni bashrafu. Vyombo vinatangulia, vinatandika, wasikilizaji wanatulia, ndipo maneno yaje. Tofauti ni kwamba hapa hakuna fidla wala kanuni wala udi. Ukiacha pigo la ngoma kubwa ya Taylor, sauti zote unazosikia, ile kwaya nzima inayotembea polepole kama msafara wa mazishi ya mfalme, ni gitaa moja, la mtu mmoja, limerekodiwa juu yake lenyewe mara nyingi.

Na gitaa lenyewe lina habari yake. May alilitengeneza na baba yake nyumbani, wakianza 1963, kwa sababu gitaa la dukani lilikuwa ghali. Shingo yake ni mbao ya mkangazi iliyotolewa kwenye meko kuukuu. Springi zake ni za vali ya pikipiki. Hapigi kwa kipande cha plastiki bali kwa sarafu ya zamani ya Kiingereza ya peni sita, yenye meno pembeni. Ukivaa hedifoni na kusikiliza mwanzo wa kila noti katika "Procession" utasikia mkwaruzo mdogo, kama ukucha juu ya kitambaa, kabla noti haijachanua. Hiyo ni sarafu. Amplifaya iliyotumika ni kisanduku kidogo alichounda John Deacon kwa vipande vya umeme alivyookota kwenye taka. Nikikumbuka kwamba sauti ile ya kifalme imetoka kwenye meko, pikipiki na jalala, naisikiliza kwa heshima zaidi.

Baada ya hapo "Father to Son" inaingia kwa nguvu na kukaa zaidi ya dakika sita. Kisha "White Queen", ambao kwangu ndio wimbo mzuri kuliko yote aliyowahi kuandika May. Beti zake ni kimya, Freddie anaimba karibu na sikio lako bila kujionyesha, halafu vyombo vyote vinaanguka juu yake kwa pamoja. Katikati kuna gitaa la mbao linalovuma kama sitari ya Kihindi. Mtu akikwambia Freddie alikuwa mwimbaji wa kelele na mapambo, mpigie beti mbili za mwanzo za wimbo huu umwache akae nazo.

Nyimbo mbili zinazofuata ni ndogo zaidi. "Some Day One Day" anaimba May mwenyewe, sauti yake nyembamba na ya haya, na inapendeza. "The Loser in the End" wa Taylor ni wimbo ambao nimejaribu kuupenda nikashindwa. Ngoma zake ni kubwa, lakini unavunja hali yote iliyokuwa imejengwa, na wanaoipinga Queen II huanzia hapa kulalamika. Katika hilo nakubaliana nao.

Upande mweusi

Sasa geuza.

Kuna upepo wa ajabu, sauti zinazorudi nyuma, kitu kinakuja kutoka mbali kikiwa kinyumenyume, mpaka kinajipindua na kuwa gitaa linalokimbia. Walichofanya ni kuchukua mwisho wa wimbo na kuupigisha kinyume uwe mwanzo. Huo ni "Ogre Battle", vita vya mazimwi, na ni muziki mzito kuliko chochote ambacho Queen walifanya kabla au muda mrefu baadaye. Mayowe unayoyasikia juu kabisa, yale makali kama filimbi, ni ya Roger Taylor. Kila mwenye bendi ya roki nzito aliyewahi kuusikia wimbo huu akiwa kijana amechukua kitu humo. Axl Rose wa Guns N' Roses na Billy Corgan wa Smashing Pumpkins wote wamewahi kuisifu albamu hii hadharani.

Bila kukupa nafasi ya kuvuta pumzi inaingia "The Fairy Feller's Master-Stroke". Freddie aliutoa wimbo huu kwenye mchoro wa Richard Dadd uliopo katika jumba la sanaa la Tate, London. Dadd aliuchora kati ya 1855 na 1864 akiwa amefungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Ni mchoro mdogo, haufiki sentimita 55 kwa 40, lakini ndani yake kuna umati wa vibwengo waliojificha kati ya majani, kila mmoja na sura yake, wote wanamsubiri mmoja mwenye shoka apasue kokwa. Freddie, aliyesomea uchoraji wa matangazo chuoni Ealing, alifanya jambo ambalo nadhani msomi wa sanaa tu angelifikiria: aliutengeneza wimbo uwe na msongamano uleule. Unadumu chini ya dakika tatu. Kinanda cha kizamani chenye nyuzi za kukwanyua kinapigwa kasi, sauti zinaruka kutoka sikio la kushoto hadi la kulia, majina ya wahusika yanapita moja baada ya jingine. Mara ya kwanza hutashika kitu. Mara ya tano utaanza kuwaona vibwengo mmoja mmoja, kama unavyoanza kuwaona kwenye mchoro baada ya macho kuzoea.

Kisha "Nevermore", piano na huzuni, dakika moja na kidogo, na mara unagundua umefika kwenye kiini cha yote: "The March of the Black Queen".

Hapa ndipo hoja yangu ilipo, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo. Watu husema "Bohemian Rhapsody" ya 1975 ilishuka kama muujiza: wimbo wa karibu dakika sita usio na kiitikio, wenye vipande visivyofanana, kwaya ya watu watatu iliyorekodiwa mpaka ikawa mia. Hakuna muujiza. "The March of the Black Queen" una dakika sita na nusu, hauna kiitikio kinachorudi kwa desturi, una piano, kelele, sala, mzaha, kilio, una kwaya zilezile za Mercury, May na Taylor zilizopandishwa juu ya nyingine. Kuna mahali mapigo ya aina mbili yanakwenda kwa wakati mmoja, moja likihesabiwa kwa nne na jingine kwa tatu tatu, na haviangukiani. Sisi tuliokulia kwenye ngoma hilo halitushtui, tunalijua toka utotoni, lakini katika roki ya Kiingereza ya 1974 ulikuwa ni uthubutu.

Tofauti yake na "Bohemian Rhapsody" ni mpangilio. Wimbo wa 1975 una vyumba vinavyoeleweka, kama wimbo wetu wa dansi wenye sehemu ya taratibu na baadaye chemko. Hata ukiusikia kwa mara ya kwanza unajua umehama chumba. "Black Queen" hauna huruma hiyo. Unabadilika kabla hujazoea, unaacha wazo zuri baada ya sekunde kumi na kamwe haulirudii. Kwa wengine hilo ni kasoro. Mimi naliona kama utajiri wa mtu mwenye miaka 27 ambaye hajui kama atapewa nafasi nyingine ya kurekodi, basi anamwaga kila alicho nacho. Miaka ya baadaye alijifunza kuchagua. Hapa hachagui, na kuna uzuri katika kumsikia hivyo ambao hautapatikana tena.

Wimbo wenyewe ulikuwa mzito kiasi kwamba jukwaani hawakuweza kuupiga wote, wakawa wanachukua kipande tu. Nadhani hii ni sababu kubwa ya albamu kusahaulika. Nyimbo zinazopigwa jukwaani zinaishi. Za Sheer Heart Attack ziliendelea kupigwa mpaka ziara ya mwisho ya Freddie, 1986.

Kutoka hapo unaingia "Funny How Love Is", mwepesi, wenye mwangwi mkubwa, pumziko baada ya safari, na hatimaye "Seven Seas of Rhye". Huu ndio uliowafungulia njia: Februari 1974 walipata nafasi ya ghafla kwenye kipindi cha Top of the Pops cha BBC, wimbo ukapanda hadi namba 10 Uingereza na kuivuta albamu hadi namba 5.

Na Sheer Heart Attack?

Baada ya Queen II walikwenda Marekani wakiifungulia bendi ya Mott the Hoople. Mwezi Mei May akaanguka kwa homa ya ini, ziara ikakatwa, wakarudi nyumbani. Kabla hajapona sawasawa akapata vidonda vya tumbo na kulazwa tena. Wenzake wakaingia studio bila yeye, wakarekodi piano, besi na ngoma, wakaacha nafasi tupu za gitaa. Alipopata nguvu akaja kuzijaza.

Ukilijua hilo, albamu inabadilika masikioni. Ile nafasi, ile hewa kati ya vyombo inayoifanya "Killer Queen" isikike safi kama glasi iliyooshwa, nadhani kwa sehemu imetokana na hali hiyo. Gitaa halikuwepo kila mahali tangu mwanzo, lilialikwa. Katika Queen II gitaa ni ukuta, katika Sheer Heart Attack ni mgeni anayejua lini aingie na lini aondoke. Sikiliza solo ya "Killer Queen": sauti tatu za gitaa zinapokezana kama kengele, kila moja inangoja mwenzake amalize. Wimbo ulifika namba 2 Uingereza na namba 12 Marekani, na ulistahili.

Jambo jingine ambalo Sheer Heart Attack inalishinda Queen II bila ubishi ni kwamba bendi nzima inaandika. John Deacon anatoa wimbo wake wa kwanza kabisa, "Misfire", mdogo na mtamu. "Stone Cold Crazy" ndio wa kwanza kuandikwa kwa jina la wote wanne, una kasi ya kutisha kwa wakati wake, na bendi ya roki nzito Metallica waliurudia baadaye. "Now I'm Here" May aliuandika akiwa kitandani hospitali, akiikumbuka ziara iliyomkatikia mkononi. "Brighton Rock" una solo ambayo anajipigia na mwangwi wake mwenyewe: anapiga, mashine inamrudishia, anapiga juu ya kilichorudi. Nimeisikiliza gizani mara nyingi na bado siamini ni mtu mmoja.

Lakini pia ni albamu ya vipande. Kuna roki, kuna muziki wa vichekesho wa jukwaani wa mtindo wa miaka ya 1920, kuna bembelezo, kuna wimbo wa mwisho uliotengenezwa ili uwanja mzima uimbe. Ukiunyofoa mmoja ukauweka kwenye simu hautapoteza mengi. Jaribu kuunyofoa "Nevermore" kutoka Queen II uone unabaki na nini.

Ndiyo maana nasema swali la ipi ni nzuri zaidi halisaidii dukani. Jiulize unasikilizaje. Kama muziki wako unaupata ukiwa njiani, kwenye daladala, wimbo mmoja mmoja, katikati ya simu na ujumbe, chukua Sheer Heart Attack, itakulipa kila siku. Kama kuna mtu nyumbani hajawahi kupenda roki na ungependa akae nawe sebuleni, chukua hiyohiyo, "Killer Queen" humlainisha hata bibi. Ikiwa unapiga gitaa na unataka kujifunza, zote mbili, lakini anza na solo ya "Brighton Rock" ndipo uje kwenye "Procession", kwa sababu "Procession" itakukatisha tamaa.

Ila kama una dakika 40 za jioni zisizo na mtu wa kukuita, na unataka kusikia watu wanne wenye umri wa miaka ishirini na kitu wakijenga nchi nzima ndani ya kanda yenye njia 16 tu za sauti, Queen II haina mpinzani. Waandishi wengi wa Uingereza waliiponda ilipotoka. Waliona mapambo, wakaona majivuno, wakadhani hakuna kitu chini yake. Hata jalada liliwaudhi: sura nne kwenye giza, mikono ya Freddie imevuka kifuani, picha ya mpiga picha Mick Rock iliyoigwa kutoka kwenye picha ya mwigizaji wa sinema Marlene Dietrich ya 1932. Mwaka uliofuata bendi ilifufua sura zilezile katika video ya "Bohemian Rhapsody", na leo hakuna picha ya Queen inayojulikana kuliko ile. Dunia iliikubali picha ikaisahau sahani iliyotoka nayo.

Kuhusu toleo la kununua, kama si santuri, tafuta lile la 2011 lililosafishwa. Ukisikiliza kwa simu hakikisha umezima mpangilio wa kuchanganya nyimbo, na programu yako iwe haiweki ukimya kati ya wimbo na wimbo, maana Upande Mweusi ukikatwakatwa unakufa. Spika ndogo ya simu pia haifai, nusu ya kinachotokea kiko kwenye kushoto na kulia. Hedifoni ya bei ya kawaida inatosha.

Mpwa wangu alichukua Queen II. Siku ya tatu akanipigia tena kuuliza kama mashine yake ni mbovu, kwa sababu mwishoni kabisa mwa Upande Mweusi, wimbo ukiwa unafifia, anasikia kama watu walevi wanaimba wimbo mwingine tofauti. Nikamwambia mashine nzima. Ni wimbo wa kale wa Waingereza wa kwenda kujistarehesha pwani, bendi imeuimba kwa makusudi pamoja na waliokuwa studio. Na kuna zaidi: albamu ya kwanza ya 1973 inamalizika kwa kipande kifupi cha "Seven Seas of Rhye" kisicho na maneno, wimbo ambao ulikuwa bado haujakamilika. Wimbo kamili ndio unaoifunga Queen II, kwa sauti zile za pwani. Halafu weka Sheer Heart Attack, sindano ishuke kwenye "Brighton Rock": kuna kelele za watu kwenye uwanja wa bembea, na katikati ya kelele hizo mtu mmoja anapiga mluzi. Sikiliza mluzi ule ni wa wimbo gani.

"Kwa hiyo hiyo ya pili nayo inabidi ninunue," akasema.

Nikamwambia mwisho wa mwezi hauko mbali.